Kitundu cha Saba katika Kofia ya Athmani

Tarehe tatu Rajabu nilimpoteza kaka yangu Athmani, na swali ambalo nilikuwa sijamuuliza.

Enzi zetu hapa Amu, niliacha shule darasa la sita nikawekwa kushona kofia. Athmani aliendelea. Jioni moja alirudi na namba, akaiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, mikate ya mofa ikinukia: 142857.

"Zidisha kwa mbili," akasema.

Nikapata 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu zile zile, zikifuatana vile vile.

"Ndia ni ile ile," akasema, akiifuata njia ya tarakimu kwa kidole. "Nyumba ya kuanzia tu ndiyo yageuka."

Jioni zilizofuata, kwa nne, tano na sita, hivyo hivyo. Kwa saba nikapata 999999. Nilifuta nikarudia mara tatu, machozi yakinilenga. Athmani alicheka hadi akapaliwa na mkate.

"Hukukosea. Hapo zimechoka, zimevaa sare."

Mama alitazama ukuta wake. "Zidisheni mtakavyo," akasema, "lakini chokaa mtapaka wenyewe." Tulipaka.

Athmani alipooa, nilimshonea kofia. Kuizunguka niliweka mafungu ya vitundu, vile vijitobo vinavyozungushiwa uzi: kimoja, vinne, viwili, vinane, vitano, saba. Ukiigeuza kichwani, umezidisha. Niliimaliza asubuhi ya harusi, kwa pupa, nikinyonya kidole kilichochomwa na sindano.

"Iko sawa?" nikamuuliza.

"Iko sawa," akasema, akaivaa.

Alipokwisha kutoka nikaingiwa na shaka kwamba fungu la mwisho nimetia sita. Tangu siku hiyo kofia ile ilipita mbele yangu kila Ijumaa, miaka na miaka. Nilitaka kumuuliza kama amehesabu, na niliogopa kujua. Kaka yangu hakuwa mtu wa kuvumilia hesabu mbovu.

Baada ya hitima nilimsimulia mjukuu wangu habari ya namba ile. Simu yake ilijibu kabla sijamaliza kusema, kwa mbili mpaka kwa saba. "Poa, Bibi," akasema, kidole hakijatoka kwenye kioo. Sisi ilituchukua wiki nzima na ukuta mzima.

Jana wifi yangu, mjane wa Athmani, aliniletea kofia. Niliishika mwangani nikahesabu. Kimoja, vinne, viwili, vinane, vitano. Fungu la mwisho lilikuwa na vitundu vyangu sita, vya uzi mweupe uliopauka. Kando yake palikuwa na cha saba, cha uzi mweusi, mishono mikubwa kama ya kushonea gunia.

"Hicho alikishona mwenyewe," wifi akasema. "Wiki ile ile ya harusi. Nikamwambia nipe nikusaidie, akakataa. Akanikataza nisikwambie."

Nikahesabu upya, nikianzia hapo: saba, moja, nne, mbili, nane, tano.