Kigari cha Kupita Kwenye Masale

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliacha mwenyewe darasa la tano, nikaenda Tarakea kubeba magunia ya mahindi mpakani, na mtu aliyebeba magunia Tarakea ameshaona kila aina ya binadamu. Leo nina maduka mawili ya saruji na mabati Moshi mjini, nina V8 nyeusi, na kule Marangu, kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloniachia baba, nimejenga ghorofa ya vigae vyekundu. Ukiwa barabara ya lami unaiona juu ya migomba. Ramani yake niliichora mwenyewe nyuma ya kalenda, kwa penseli ya seremala.

Barabara ya kufika ndiyo sikuichora.

Wakati wa ujenzi sikuona tatizo. Matofali yalipanda kwa toroli, nondo zikapanda mabegani mwa vijana. Siku ya kuhamia ndipo nilipoipandisha V8 ikafika mwanzo wa kijia chetu, ikagoma. Kijia kinapita katikati ya nyua mbili za masale, huku kihamba changu, huku cha jirani. Kwetu isale, mmea ule wa majani marefu, ndilo mpaka. Limepandwa na mababu, na anayeling'oa la jirani husemwa yeye na wajukuu wake. Basi gari la mamilioni likawa linalala dukani kwa watu huko chini, na mwenye ghorofa anapanda kwa miguu, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

Nikapima kijia kwa kamba. Nikaenda na kamba yangu mpaka Kahe, kwa mkulima mmoja wa mpunga aliyekuwa na kigari cha zamani cha Kijapani, milango miwili, rangi ya mtindi, vioo vya kuzungusha kwa mkono. Sikuuliza injini. Nilipima upana tu. Kilipungua kamba kwa kiganja kimoja, nikalipa milioni mbili na laki nane palepale.

Sasa V8 nimeiendesha miaka minne na hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Kigari kile, wiki ya kwanza tu, trafiki alinisimamisha njia panda. Nikatoa leseni, hakuitazama. Alitaka kusikia mlango unavyofunga. Akaufunga, akaufungua, akaufunga tena, akaniambia baba yake alikuwa nacho, na kwamba yeye na ndugu zake watano walikuwa wakikaa nyuma kwenda kanisani. Sokoni mama wa ndizi aliweka kiganja kwenye boneti kama anayepima homa ya mtoto. Mzee mmoja aliyekuwa karani wa kahawa zamani alinieleza, mvua inanyesha, safari yake ya fungate kutoka mwanzo hadi mwisho, hata walichokula. Watu wote hao siwajui. Mwanzoni nilicheka nao. Baada ya miezi miwili nilikuwa nimechoka, maana kufika tu Moshi kununua misumari ni saa nzima ya kusikiliza baba za watu.

Na mimi nilikuwa na haraka. Krismasi ilikuwa inakuja, ukoo mzima unapanda kutoka Dar na Arusha, padri ameshakubali kubariki nyumba. Nilitaka siku hiyo V8 isimame mbele ya baraza langu, wale walioniita mbeba magunia waione. Kilichohitajika ni hatua mbili tu za kihamba cha jirani. Jirani alishafariki. Mjane wake, muuguzi mstaafu, alikuwa Mtwara miaka yote, na mara ya mwisho kumwona mimi nilikuwa mtoto wa kaptula. Tulikuwa tunaongea kwa simu. Kila Jumapili nampigia, shikamoo mama, namwuliza magoti yake. Hatimaye akasema anakuja, njia yenyewe tutaizungumza tukionana.

Siku ya kufika kwake nilishuka mjini mapema kununua nyama na soda za kumpokea. Nikapita sheli kuweka mafuta. Mama mmoja mtu mzima, kanga begani, begi miguuni, akaja akakizunguka kigari polepole. Akaniambia gari la kwanza kuendesha maishani lilikuwa la namna hii, akaomba akae kidogo tu kwenye kiti cha dereva. Sikumpa hata shikamoo. Nikamwambia:

"Mama, kama umechoka, stendi ile pale. Hili ni gari, siyo benchi."

Vijana wa pampu wakacheka. Yeye akaokota begi lake, akasema, "Haya, baba. Nenda salama."

Saa nane mchana bodaboda ikasimama pale kwenye masale. Nikatoka mbio na tabasamu langu lote. Akashuka, akakiona kigari kimeegeshwa barazani, akaniona mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa utanipa kiti, au nirudi stendi?"

Nyama hakula. Habari ya njia hakutaka kuisikia. Alisema amechoka, akaenda kufungua nyumba yake, na siku tatu mfululizo niliyemtuma alirudi na jibu kwamba mama anapumzika.

Mke wangu ndiye aliyesema lile nililokuwa nalikwepa: kata isale. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale lililofungwa fundo, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Mimi katika maisha yangu nimepelekewa masale mengi tu. Kupeleka, sikuwahi. Alfajiri nikakata jani kwenye ua uleule ulionikwamisha, nikanunua mbuzi wa laki moja na themanini na mbege, pombe yetu ya ndizi, ya elfu sitini, nikamwita mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi, nikaenda. Nilishika jani kwa mikono miwili.

Alilipokea. Akaliweka magotini.

"Nimekusamehe," akasema. "Hilo ni la isale. Njia ni jambo jingine."

Nikamwambia ataje.

"Hatua mbili chukua, masale tutayapanda upya mwenyekiti akiona. Kigari utaniachia. Ila kiti cha dereva kimechanika, kakishone kwanza. Sitaki kukaa kwenye benchi."

Mwenyekiti alicheka mpaka mbege ikampalia.

Krismasi V8 ilipanda mpaka barazani. Ndugu zangu walishuka, wakaizunguka, wakapita. Kila mmoja aliuliza kile kigari walichosikia kiko wapi, na padri alipomaliza kubariki nyumba alikwenda kwa jirani, akaingia ndani ya kigari, akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.

Siku hizi Jumapili nikikutana na yule mama kijiani, magari mawili hayapishani, mimi ndiye ninayerudi nyuma. Ananipungia mkono kupitia kioo cha kuzungusha. Njia ninayo, na ni nzuri. Kigari, mbuzi, mbege, na elfu themanini na tano za fundi wa viti: hatua mbili za ardhi zimenigharimu shilingi milioni tatu, laki moja na elfu ishirini na tano.