Kasha Lilikuwa na Mwenyewe

Saa nne asubuhi aliingia karakana yetu mama mmoja wa miaka sabini na kitu. Aliwapita wateja wote bila salamu, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta tuliyokuwa tumeiweka dirishani. Akaigeuza na kuipitishia kiganja mgongoni, kama mtu anayempima mtoto homa.

Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Huyu alikuwa mzima. Nani kamuua?"

Wateja wakacheka. Na mimi nikatabasamu. Nilidhani mama wa watu kapotea, labda alikuwa anatafuta duka la dawa la jirani.

Leo sicheki. Ngoja nikueleze.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Ndiyo, mwanamke. Kazini wananiita Bisibisi, na jina lenyewe limenikaa mpaka wanangu wananiita hivyo wakitaka kunitania. Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii.

Nilikuwa na mshirika. Huyo tunamwita Rangi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anapuliza rangi. Mimi ndani, yeye nje. Tulianzia chumba kimoja kisicho na dirisha, juu ya fundi viatu, tunavuta harufu ya gundi kutwa nzima. Mama yangu alipolazwa wiki tatu, Rangi ndiye aliyempelekea chakula cha mchana kila siku. Wanangu walimwita mjomba, na hakuna aliyewafundisha.

Nataka ujue hayo kwanza, ili ujue kisu kilitoka upande gani.

Kazi iliyotupa jina ni hii: tulikuwa tunachukua makasha ya kompyuta za zamani, yale ya bati nene yenye rangi ya maziwa yaliyokaa. Natoa vilivyokufa ndani, naweka mashine ya kisasa. Nje babu, ndani kijana. Watu walizipenda kupita kiasi.

Wengine walitutukana. Mtandaoni kuna watu wanaopenda mashine za kale kuliko wanavyopenda shemeji zao. Waliniita mchinjaji. Walisema kompyuta ya miaka arobaini ni ya kutunzwa ilivyo, si ya kukatwakatwa ili mtu apige nayo picha.

Nikawajibu kwa andiko refu. Nilisema mimi sigusi kinachowaka. Kikiwaka nakifuta vumbi, nakirudisha kwa mwenyewe. Kilichokufa tu ndicho nakipa kazi nyingine. Nikaichapa sheria hiyo kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani.

Andiko lilisambaa balaa. Hata waliokuwa wananitukana wakaanza kuniletea mashine zao.

Rangi ndiye aliyekuwa anazungukia watu kukusanya. Anarudi na kasha, ananiambia hii imeungua mazabodi, yaani ubao mkuu wa ndani, ile ilipigwa na radi. Nafungua, naona weusi, natoa vya ndani, navitia kwenye katoni, naandika tarehe. Kazi inaendelea.

Hiyo ya dirishani ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote. Ya kijani kibichi, kioo mbele, taa ndogo ndani. Hoteli moja kubwa ilikuwa imeiona picha yake na kutaka kumi kama hiyo za mapokezi.

Sasa turudi kwa yule mama.

Nilimvutia kiti. Akanieleza kwamba alikuwa mpima mvua wa kituo cha hali ya hewa mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu hakuacha. Kila siku saa tatu asubuhi anatoka uani, anasoma kipimo, anaingia ndani, anaandika kwenye kompyuta yake. Miaka ishirini na sita. Nakala za karatasi zilikuwa kituoni, lakini paa lilivuja.

"Karatasi za mvua zikanyeshewa mvua," alisema, na hakucheka.

Kwa hiyo hesabu zote zilikuwa zimebaki mle tu.

Miezi miwili nyuma alikuja kwake mtu mwenye madoa ya rangi kwenye kucha, mpole, mcheshi. Akamwambia kuna maonyesho ya mashine za kale zinazofanya kazi, wanaomba kuiazima mwezi mmoja. Mwezi ukapita. Simu ikawa haipokelewi. Ndipo akafunga safari mwenyewe.

Nilimwambia kwa heshima zote kwamba labda anaifananisha. Akanishika mkono, akakipeleka kidole changu nyuma ya kasha. Chini ya rangi ya kijani kulikuwa na mikwaruzo ya msumari: namba ya kituo chake.

Nikamwambia basi iliharibika njiani, maana nilipoifungua ilikuwa imeungua.

"Nimeizima mimi mwenyewe ndiyo akaibeba," alisema. "Ilikuwa inawaka. Wewe fundi, uliangalia?"

Nikasema niliangalia.

"Mjukuu wangu alinisomea yale maneno yako, kwamba hugusi kinachowaka. Huyo mwenzio alipotaja jina lako, nikampa kwa mikono miwili. Nisingempa mwingine."



Nikaingia stoo, nikaitoa katoni yake. Nikaweka mazabodi chini ya lenzi, na nuru ya dirisha ikapiga vizuri.

Mazabodi ikiungua kwa umeme, moto unatoka ndani. Kitu kinapasuka, njia za shaba zinanyanyuka. Hii haikuwa hivyo. Weusi ulikuwa juu juu tu, kama masizi ya sufuria. Nikakwangua kwa ukucha, ukatoka. Chini yake kila kitu kilikuwa salama.

Mtu alichukua kipuliza hewa ya moto akaichoma kidogo, pale tu ambapo macho yangu yangetua.

Nikaunganisha vyote juu ya meza, vitupu, bila kasha. Nikachomeka umeme. Diski ikanguruma, ikagugumia, na kwenye skrini zikaanza kushuka safu za tarehe na namba.

Yule mama akavuta kiti mpaka karibu. Akatafuta siku moja, akaigusa kwa kidole.

"Milimita hamsini na nne. Siku tuliyomzika mume wangu. Nilipima kwanza, ndiyo tukaenda."

 Nikazinakili hesabu zote mahali patatu.

Rangi alirudi saa sita na makopo yake. Alimwona mama, akaona mazabodi inawaka juu ya meza, akayaweka makopo chini taratibu. Nilitegemea atakataa, aape, aniambie nimeelewa vibaya. Naapa ningemwamini. Nilikuwa nataka sana kumwamini.

Hakukataa.

"Bisi, ungejua inawaka, ungekubali kuifungua?"

"Nisingekubali."

"Basi ndiyo maana sikukwambia."

Alisema vilivyokufa kweli ni vya kutafuta kwa tochi, na watu wanasubiri kazi. Alisema kompyuta ya bibi kizee inayohesabu matone uani haimfai mtu, sisi tumeipa maisha mapya, tumeipeleka watu waione. Alivyosema, ungedhani natakiwa nimshukuru.

Nikamuuliza mbona alitumia jina langu. Akasema kwa sababu jina lake halifungui mlango wa mtu.

Nikamwambia amenipiga changa la macho mimi, mtu niliyekuwa naye tangu tunavuta harufu ya gundi. Hapo ndipo akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Si mara moja, Bisi. Mara saba. Na mara zote saba hukuuliza."

Akachukua koti lake, akatoka. Hatujaongea mpaka leo.

Yule mama nilimpeleka nyumbani kwake na mashine yake ikiwa imefungwa kwenye ubao, nikimwahidi nitarudi na kasha. Halafu nikarudi karakana, nikafunga mlango, nikazishusha katoni zote kumi na nne.

Pamoja na ya mpima mvua, saba zilikuwa na masizi yaleyale. Pale pale, ukubwa uleule, hata mwelekeo wa moto ulikuwa mmoja.

Mimi ni mtu ambaye mteja akiniletea simu iliyoingia maji akasema ni vumbi, namwambia aliiangusha kwenye ndoo gani. Masizi ya kupaka nilitakiwa kuyagundua kwa kuyaangalia tu. Lakini kila mara kulikuwa na mtu anasubiri, na picha zinasifiwa, na mimi napenda kusifiwa. Niliona weusi, nikasema moyoni asante, nikafungua skrubu.

Nilikaa sakafuni katikati ya zile katoni nikalia kama niliyefiwa. Mwanzo nilimlilia Rangi. Baadaye sikujua tena namlilia nani.

Kazi ya hoteli niliirudisha. Niliandika ukweli palepale nilipoandika sheria yangu, watu wakanichambua mpaka mifupa, na hawakukosea. Nikawatafuta wenye zile nyingine sita. Watatu niliwarudishia mashine zikifanya kazi. Wawili walisema hawazihitaji, niache tu. Wa mwisho alikuwa ameshafariki. Binti yake alipokea katoni mlangoni, akaniuliza kama hiyo ndiyo ile mashine baba alikuwa anaisubiri, nikasema ndiyo, akafunga mlango.

Wiki iliyofuata nikampelekea mpima mvua kasha lake. Nilikuwa nimekwangua rangi ya kijani kadiri nilivyoweza, lakini upande wa mbele Rangi alikuwa ameshaukata kwa ajili ya kioo, na bati likishakatwa limekatwa. Nilikuwa na hotuba nzima ya kuomba radhi.

Alikuwa ameshaviweka vya ndani kwenye droo ya kabati, amevitobolea tundu la nyaya, vinanguruma vizuri tu.

Akalitazama kasha, akanitazama mimi.

"Hili bati? Lirudishe mwanangu, litanijazia nyumba. Hata siku ile mngeniomba, ningewapa. Ningewaambia niachieni vya ndani tu."

Nikabaki nimelikumbatia mlangoni.

Dakika tano za kumwambia ukweli. Tungepata kasha, yeye angebaki na mvua yake, na wanangu wangebaki na mjomba.

Mpaka leo watu wananiuliza kama ni sawa kugeuza kasha la kale. Nawajibu ni sawa, kama mwenye nalo ameulizwa na akajua analokubali. Na ukiletewa kitu na mtu unayempenda, kigeuze ukiangalie mwenyewe, hasa siku ile unapoomba moyoni usione kasoro.

Rangi alinisaliti mara saba. Lakini mara zote saba, mkono uliofungua zile skrubu ulikuwa wangu.