Mutungi Katikati ya Ndagala

Masomo yangu yaliishia darasa la tatu. Kwa hiyo Papa Prefe, mkubwa wa shule ya hapa kando ya ziwa, aliponiomba nifundishe watoto wa la saba na la nane kufinyanga, nilimuuliza kama amekosa watu. Akasema ndiyo, amekosa, na rangi na karatasi pia amekosa. Udongo njo kitu pekee ambacho hataomba wazazi.

Nikaanza. Ni watoto wa wavuvi na wa watu waliokimbia vita upande wa Nyunzu. Wengine wanafika bila kula. Sikuwabembeleza. Sheria yangu ilikuwa moja: mutungi mubichi unakaa kivulini nyuma ya darasa, umefunikwa kitambaa cha kikwembe, mpaka niseme mimi.

Kulikuwa na binti mumoja, baba yake mvuvi aliyeshuka kutoka kaskazini ya ziwa. Mimi sisifu mutoto mbele ya wenzake, lakini mutungi wake niliuzunguka mara mbili. Tumbo limekaa sawa, shingo nyembamba, na pembeni amechora kwa mwiba macho ya wavu.

Baba yake alitaka kuhamia kambi ya uvuvi, binti akaanike ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, pamoja na shangazi yake. Nikamwendea, nikamwomba mutoto abaki kwangu, asome. Hakukataa. Alisema ataona kwanza hiyo kazi, imechomwa, maji yakikaa ndani. Akiiona nzima, atamwacha.

Kisha habari ikaja kwamba ndagala wamejaa kule, baba akaleta safari mbele. Atapita shuleni kesho yake, mutumbwi ukishapakiwa.

Binti hakuniambia kwamba baba yake anakuja. Asubuhi ile, mimi nikiwa bado shambani, alitoa mutungi kivulini akaupeleka muchangani, kwa wamama wanaoanika ndagala, akauweka katikati ili ukauke upesi. Wamama wakigeuza ndagala, naye anageuza mutungi. Wenzake wakaona ana akili, wakabeba na yao. Wamekua wakijua kukausha ndagala, na ndagala akikosa jua anaoza.

Nilipofika, yote ilikuwa imepasuka. Wake ufa ulitoka mdomoni mpaka chini.

Nikawaambia waloweke. Udongo usiochomwa unarudi kuwa udongo, wataanza tena.

"Nkambo, na mimi nianze?" binti akaniuliza. Ndivyo wanavyoniita, maana nimepita umri wa mama zao.

Baba yake alikuwa tayari anaingia uani.

Aliushika mutungi kwa upole, akaugeuza. "Mama, huu hata ugali utavuja," akasema, wala si kwa ubaya. Nikamueleza kwamba udongo mubichi ukiwekwa juani unakauka nje mbele ya ndani, unapasuka, njo maana unataka kivuli. Nikamwambia haraka yake mwenyewe njo iliupasua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa, Mama. Lakini tulipatana niuone muzima."

Mimi ambaye mtaa wote unaogopa mdomo wangu, niliupokea mutungi, nikauweka dirishani. Mutoto ni wake. Binti alinawa udongo mikononi, akachukua mufuko wake, akatangulia mbele ya baba. Hakulia. Afadhali angelia, ningemgombeza.

Kazi inaendelea. Ziwa limepanda, limefunika pale tulipochimba udongo, na sasa ni wa shida. Juzi watoto wakauliza kama wanaweza kuloweka na ule mutungi wa mwenzao aliyeondoka, ambao bado uko dirishani. Niliushusha, nikapitisha kidole juu ya yale macho ya wavu.

Nikawaambia waloweke.