Mkono wa Kushoto wa Mzee Owino

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, na naikumbuka kwa aibu na kwa furaha pia. Siku hiyo nilimchezea mzee mmoja sauti ya ngoma yake mwenyewe, naye hakuitambua.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa Mogogosiek, nimechoka kuchuna chai ya baba, nimejifanya fundi wa muziki. Nilikuwa na chumba kimoja pale sokoni, kuta nimezivika trei za mayai ili sauti isizunguke, na ndani mashine moja ya mitumba niliyoinunua kutoka kwa bendi iliyovunjika. Tuliiita sampla. Kazi yake ilikuwa kunasa sauti fupi. Unapiga kitu mbele ya maikrofoni, inameza, halafu ukibonyeza kitufe inakurudishia sauti ile ile. Lakini tumbo lake lilikuwa dogo, sekunde chache tu za sauti na limejaa. Wewe uliye na studio nzima ndani ya simu unacheka. Cheka tu, nitakungoja.

Mzee Owino alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, na kwa miaka ishirini na saba ndiye aliyepiga ngoma katika kanisa la kambi ya wafanyakazi. Aliketi kwenye kiti kifupi, ngoma ya ngozi kati ya magoti, vijiti viwili mikononi. Alianza chini kabisa, hata ukadhani ni mvua inakuja kutoka Kimulot, akapandisha, akapandisha, na ngoma ikirindima kanisa zima linasimama bila kuambiwa. Mimi sikuwa wa kanisa hilo, lakini nilienda mara moja kusikiliza na nikajikuta nimesimama na wenyewe. Mpaka leo sijaona mikono kama ile.

Basi baridi ya huku kwetu haina huruma. Baridi yabisi ilimwingia mikononi, hasa ule wa kushoto, akawa hawezi kurindimisha ngoma hata kwa ubeti mmoja. Alikuwa amestaafu, na Jumamosi ile lori lingembeba yeye na mkewe na vyombo vyao kurudi nyumbani. Kwaya yao ilikuwa inarekodi kanda ya kwanza, na waliniomba jambo moja tu: mrindimo wa Mzee ufungue wimbo, ili akienda, ngoma yake ibaki. Yeye angepiga pigo moja moja, mashine iyaunganishe. Niliwaambia hiyo ni kazi ndogo.

Alikuja Alhamisi, akapiga kama mapigo arobaini, kulia na kushoto, akipumzika katikati. Akaiacha ngoma kwangu, akaenda kufunga mizigo.

Sasa sikiliza kosa langu. Mimi ni mtoto wa chai. Tangu nikiwa mdogo nimefunzwa kwenye kituo cha kununulia majani kwamba ni majani mawili na chipukizi, basi. Yaliyokomaa karani anayamwaga chini mbele ya watu, na mwenye kikapu anatazama viatu vyake. Kwa hiyo niliyachambua mapigo ya Mzee kama majani. Hili limelegea, tupa. Hili limegusa ukingo, tupa. Mwishowe nikabaki na moja tu, la mkono wa kulia, nene, safi, lisilo na kasoro. Ya mkono wa kushoto niliyafuta yote, na nafasi iliyobaki nikaijaza sauti za fidla nilizozipenda kupita kiasi. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, lakini siku hiyo masikio yangu yote nilikuwa nimeyapa mashine.

Nikaiagiza ilirudie pigo lile mara nyingi upesi upesi, yote sawa kwa nguvu, yote sawa kwa nafasi. Ijumaa asubuhi nikamwita Mzee, nikabonyeza, nikaketi kungoja sifa. Spika ikatoa sauti kama cherehani. Mzee aliitazama, kisha akaitazama mikono yake. Akaniomba nirudie, nikarudia.

"Huyo si mimi," akasema polepole. "Huyo anapiga na mkono moja. Hii ingine uliacha wapi?"

Nikamweleza kwa adabu kwamba mapigo ya kushoto yalikuwa dhaifu, hivyo nilichagua lililo zuri kuliko yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kijana, ngoma si majani chai," akasema. "Hii ya kulia inaongea. Hii ya kushoto inaitikia. Sasa ikiitikia na nguvu ile ile, hiyo ni kelele tu."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichonisimamisha kanisani. Ni ule mkono wa kushoto wenye sauti ndogo, uliokuja nyuma kidogo na kujaza pale ambapo wa kulia umeacha. Na nilikuwa nimeufuta. Lori lilikuwa kesho, na vidole vyake asubuhi ile vilikuwa vimevimba kwa baridi. Nilimwambia ukweli wote, nikijua atachukua kofia yake aende zake, na angekuwa na haki.

Mzee aliniomba maji ya moto. Nilikimbia hoteli ya jirani nikarudi na karai, akauzamisha mkono wa kushoto humo, akauacha kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya chai. Kisha akashika vijiti. Akapiga kwa mkono wa kushoto mara nane, kutoka mnong'ono hadi sauti kamili, uso wake ukikunjamana kila pigo. Akapiga kwa wa kulia mara nane. Fidla zangu nilizifuta bila kuombwa. Hakuna pigo lililofanana na jingine, na safari hii sikutupa hata moja, hata moja lililogusa ukingo.

Akanielekeza. Anza chini. Wa kushoto ukae chini kidogo ya wa kulia. Nafasi usizipime kwa rula. Pigo lije kabla sauti ya lililotangulia haijafa, na upandishe taratibu, maana anayepanda mlima mbio hafiki. Nikaacha kuiagiza mashine, nikapiga vitufe kwa vidole vyangu mwenyewe, cha kulia kwa mapigo ya kulia, cha kushoto kwa ya kushoto. Mara ya kwanza ilikuwa mbaya, hata ya tano. Alasiri, ngoma ikarindima.

Mzee alikuwa ameketi. Mrindimo ulipopanda, akashika ukuta, akainuka. Nilidhani anaondoka. Alisimama wima, hakutikisika mpaka pigo la mwisho, kisha akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Miaka yote wengine walisimama," akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa na ngoma. Leo ndio nimesimama."

Akaondoka Jumamosi, sikumwona tena. Nimefanya kazi na wapigaji wengi tangu hapo, wengine hodari kweli, na bado nampima kila mmoja kwa yule mzee wa karai la maji ya moto.

Kwa hiyo, mwanangu, usiwe mwepesi wa kufuta. Pigo lililochelewa, sauti iliyo chini, ndugu asiyeenda kasi yako, usimtupe kwa sababu umempata aliye bora zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na ukikosea kama mimi, sema mapema, kabla lori halijaondoka. Mola aibariki mikono yako yote miwili, wenye nguvu na usio nazo. Na ukishawapigia wengine hadi ukachoka, akupe mtu wa kukupigia, nawe siku moja usimame.