Nilivyomharibia Kioko Mkono Wake wa Gofu

Mimi ndiye nilikosa. Naanza hapo ili mtu asinihurumie kabla hajasikia. Sio shetani, sio pombe, maana hata siinywi. Ni mimi, mtu mzima, na akili zangu zote.

Kazi yangu ilikuwa ya kedi. Miaka kumi na tano nimebebea wachezaji mifuko kwenye kiwanja kidogo cha gofu nje ya Kibwezi, kile kilibaki kwa shamba la mkonge la zamani. Usifikirie zile nyasi za televisheni! Hapa ni udongo mwekundu, mgumu, na pale kwa shimo tumemwaga mchanga na oili chafu ili vumbi litulie. Lakini ni gofu, na Jumatatu sisi makedi tunaruhusiwa kucheza.

Kioko, na hilo si jina lake, ni mtoto wa dada ya mama yangu. Tumelala kitanda kimoja tukiwa wadogo. Naye alikuwa kedi, na siku hakuna wachezaji anaenda kuchimbia watu matuta ya kuzuia maji shambani.

Sasa fimbo ya gofu aliishika kama jembe. Mkono wa kushoto umekaa juu kabisa, umefunika. Akipiga, mpira unaenda kulia utadhani umepotea, halafu unapinda kushoto, unarudi katikati. Wachezaji wanaita hiyo huki, na kwao ni ugonjwa, wanautafutia dawa kila siku. Ya Kioko haikuwa ugonjwa. Ilipinda kiasi kile kile kila mara! Alikuwa analenga ua wa mkonge upande wa kulia bila wasiwasi, na mpira unashuka pale anataka, unabingirika mpaka unachoka kuufuata.

Mwaka jana wakubwa wa kilabu cha gofu walitangaza kwamba kedi atakayeshinda wenzake kwa siku mbili ataajiriwa msaidizi wa mwalimu. Kazi ya kudumu! Kama hujawahi kukaa getini ukingoja kuitwa, hujui hiyo ni nini. Kila mtu akasema ni ya Kioko. Hata mke wangu, ndani ya nyumba yangu, alisema hivyo akipepeta mbaazi. Iliniuma, wacha nisidanganye.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, nikamwita kando.

"Kioko, hiyo huki itakuaibisha. Mwalimu wa gofu na mpira wake umepinda?"

"Lakini si unafika?"

"Unafika leo. Na siku upepo ukikuja?"

Akaiweka fimbo chini. Mimi ndiye mkubwa, na ni mimi nilimleta kiwanjani mara ya kwanza. Akaninyooshea mikono yake vile mtoto anampa mama kucha zikatwe.

Nilikuwa nimeona video kwa simu. Mwalimu mmoja alionyesha vile unazungusha mkono wa kushoto kidogo usifunike fimbo, na mpira unanyooka. Halafu akasema neno lingine, na nililisikia vizuri sana: usibadilishe hivi karibu na mashindano, mkono unataka miezi kuzoea.

Hilo neno sikumwambia Kioko.

Aiii! Ungamo langu lote ni hilo. Niliirudia hiyo video nihakikishe nimesikia sawa, na bado nikafunga mdomo.

Siku za kwanza mpira ulinyooka kabisa. Kioko alicheka, akanikumbatia, akasema, "Asante kaka, Mungu akubariki." Nikajibu amina. Fikiria! Nilisema amina!

Siku ya mashindano, shimo la kwanza tu, mkono ukasahau. Alilenga ua wa mkonge kama zamani, mpira ukaenda kulia na haukurudi. Wa pili alishtuka katikati ya kupiga, ukazama kushoto kwa miiba. Watu wakaanza kuangaliana. Yeye alikuwa ananitafuta kwa macho, mimi ambaye tunashindana naye, nimwambie afanye nini. Nikamwambia, "Tulia tu." Siku ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Alimaliza wa mwisho.

Kazi nilipata mimi.

Sasa mimi ndiye navaa shati la kola, nafundisha wageni kutoka Nairobi kunyoosha huki. Wananiita mwalimu. Kila nikishika mkono wa mtu kuuzungusha, nauachia haraka. Kanisani mchungaji akisema anayetaka kuombewa apite mbele, mimi nabaki kwenye benchi.

Mwezi uliopita nilienda kwa Kioko nikamwambia yote. Video, lile neno, wivu, yote. Mke wake, Mwikali, ndiye aliongea kwanza, akiniita kwa jina la mtoto wangu.

"Baba Mutheu, si ungemwomba tu? Kioko angekuachia hiyo kazi."

Ngai, Mungu wangu! Heri angenipiga. Kwa sababu ni ukweli, angeniachia.

Kioko hakunigombeza. Alisema, "Nimekusamehe, kaka," akachukua fimbo, tukaenda kiwanjani. Nikajaribu kuurudisha mkono wake juu. Mpira kulia. Nikausongeza mkono kidogo. Mpira kushoto kabisa. Tukaendelea hivyo mpaka mipira ikaisha, tukaiokota, tukaanza tena. Jasho linamtoka, na mimi namwekea mpira mwingine.

Mwishowe akaiangalia mikono yake, akaniuliza polepole, "Kaka, hebu nionyeshe. Ilikuwa inakaa aje?"

Nikaishika fimbo mwenyewe nijaribu. Mimi niliyeiona hiyo mikono miaka yote, sikukumbuka.

Wewe unayesoma, kama kuna neno umemfichia mwenzako, mwambie leo, hata kama litakuaibisha. Ukingoja uone vile itaenda, utakuja kumwambia yote, na atakusamehe kabisa, na hutaweza kumsaidia.