Ndoo ya Tatu ya Bibiane

Kila siku ya kazi, jua likiwa bado linajivuta nyuma ya vilima vya Likasi, wajane watatu wa majenerali, wakili mmoja mwenye urithi usio na mwenyewe na mganga wa nguvu za kiume hubisha hodi kwenye karakana moja ya vyuma pale mtaa wa Panda. Hawaonekani kwa macho. Wanapitia kwenye seva ya barua pepe, na anayewapokea ni Bibiane, mama wa miaka arobaini na sita, mwenye chupa ya chai na roho isiyo na huruma hata chembe kwa wajane.

Kazi yake haina maelezo marefu. Saa moja na nusu wafanyakazi themanini wanafungua kompyuta, na kabla ya hapo barua taka ziwe zimeshachujwa. Chujio ni programu iliyoandikwa na watu wa mbali, na humpa kila mgeni alama za ubaya. Chini ya tano, pita. Zaidi ya hapo, karantini. Bibiane mwenyewe haiiti karantini. Anaiita ndoo ya tatu.

Jina alilipata kwa baba yake, aliyemaliza ujana kwenye mkanda wa kuchagua mawe mgodini kule Kambove. Wenzake walikuwa na ndoo mbili: jiwe la shaba huku, jiwe la bure kule. Yeye aliweka ya tatu, ya mawe asiyoyaelewa, na saa ya mapumziko aliyaosha na kuyageuza moja moja huku wenzake wakimcheka. Bibiane naye hafuti kilichonaswa mpaka akisome.

Direkta Stanislas, mkuu wa karakana, alikuwa amechoka na ndoo hiyo, na alikuwa na sababu. Mwaka uliopita mjane wa jenerali alimwandikia yeye binafsi, barua ikanaswa, naye akaagiza itolewe ndooni aisome. Direkta, Mkatoliki wa benchi la mbele, hakurukia sanduku la dhahabu aliloahidiwa kama watu wasio na malezi. Kwanza alimwombea marehemu misa. Jina la jenerali likasomwa parokiani Jumapili tatu mfululizo, waumini wakaitikia, mama mmoja wa kwaya akalia kweli. Ilipojulikana kwamba jenerali hajawahi kuzaliwa, sembuse kufa, paroko hakutaka kusema zile sala zimemfikia nani. Tangu siku hiyo Direkta akiona neno "mpendwa" anatoka jasho. Alhamisi akatoa amri: kuanzia kesho, kila kilichonaswa kijifute chenyewe saa moja asubuhi, bila kusomwa. Atakuja mwenyewe kushuhudia.

Na kesho hiyo ndiyo ilikuwa siku ya Martine.

Martine ndiye mwanamke pekee anayechomelea vyuma karakanani. Alikuwa ameomba nafasi kwenye kituo cha mafunzo kule Kolwezi, mwaka mzima wa kujifunza kuchomelea mabomba makubwa, na cheti mwishoni. Asiyethibitisha kufikia Ijumaa saa mbili asubuhi, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Kwa wiki tatu alikuwa akipita kwa Bibiane kila asubuhi kuulizia barua ya majibu, na Ijumaa hiyo alisimama mlangoni, kinyago cha kuchomelea kwapani.

"Mama Bibiane, haiyakuya bado?"

"Bado, mwanangu. Enda ukunywe chai. Minye njo naangalia."

Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa umekesha bila kukatika, kwa hiyo ndoo ilijaa hadi ukingoni: barua mia mbili na kumi na moja. Wajane, nje. Wakili, nje. Mganga, nje, ingawa bei ilikuwa imeshuka. Saa moja kasoro robo akafika kwenye hii:

"Mpendwa katika Bwana, FURAHI! Mungu amekukumbuka. Umechaguliwa kati ya watu mia nne. Jibu LEO kabla ya saa mbili na utume picha ya kitambulisho. Usicheleweshe baraka yako."

Chujio lilikuwa limeipa kumi na nne. Mjane wa jenerali mwenyewe aliwahi kupata tisa.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, kikasita. Tapeli mwenye akili angejivika adabu ya benki. Huyu alikuwa anashangilia. Na hapa kwetu nani anaanza barua ya ofisi bila Mungu? Hata tangazo la maji kukatika hufunguliwa kwa baraka. Walioandika chujio wangelijuaje hilo? Bibiane akafuata njia ya barua, seva baada ya seva, akafika Kolwezi. Akapiga simu, si kwa namba iliyo kwenye barua, bali ile ambayo Martine alimwachia siku aliyotuma maombi. Akapokea katibu wa kituo, Danielle, ndiyo kwanza anatoka misa ya asubuhi.

"Njo minye nilimwandikia," alisema Danielle. "Sasa muntu anapata nafasi, nimwambie kavukavu tu?"

Bibiane alikuwa anakata simu Direkta alipoingia. Direkta alichungulia juu ya bega la Bibiane, akaona "mpendwa", akasema futa. Bibiane akamweleza habari za Kolwezi na ile simu. Direkta akajibu kwamba mjane naye alikuwa na simu, tena sauti nzuri sana. Ilibaki dakika tatu ndoo ijimwage.

Bibiane alishuka mistari miwili, akamfungulia barua nyingine iliyonaswa jana jioni. WAPENDWA WOTE, ilianza. HARAKA SANA. ONYO LA MWISHO. Iliendelea hivyo mpaka Mungu awabariki, na sahihi ya Stanislas.

"Na hii, Patron, niifute?"

Direkta alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena. Barua ilikuwa palepale.

"Banaipatia ngapi?"

"Kumi na moja. Mulimupita mujane kwa mbili."

Kicheko cha Direkta kilianza kama kikohozi. Akavuta kiti, akaizima ile amri kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaomba ya kwake ifutwe kabla mtu hajaiona.

Martine alifungua kompyuta ya karakana saa moja na nusu kamili, akaikuta barua ya Danielle, Bibiane ameshaitoa ndooni. Saa mbili kasoro dakika kumi jibu lake lilitoka. Lilianza na "Mpendwa katika Bwana".

Mchana Bibiane alilipeleka chujio shule. Alilisomesha barua ya Danielle, kisha barua safi za miaka miwili ya ofisi, na baraka zake zote, akiliambia kila mara: hii ni shaba, hii nayo ni shaba. Jumatatu Danielle akaandika tena, orodha ya vitu vya kuleta pamoja na sala mbili. Alama nne na nusu. Ikapita yenyewe.

Bibiane akajimiminia chai, akarudi kwa wajane.