Propela Isiyokubali Kuteleza

Kaka yangu mkubwa alifika karakana kwetu asubuhi moja akiwa na gunia begani, na ndani ya gunia mlikuwa na propela ya injini ya mashua yake. Alikuwa akivusha watu na mizigo kati ya kisiwa na bara kule kwetu ziwani, na bawa moja la propela lilikuwa limeliwa na mawe. Pesa za kununua mpya alikuwa nazo. Alichotaka kwangu ni kusindikizwa tu madukani, maana kwetu mtu wa nyumbani hanunui spea Nairobi peke yake. Lazima awe na ndugu wa mjini wa kumlinda asije akauziwa feki.

"Nisindikize tu, omera, ndugu yangu," alisema. "Wewe unajua kutofautisha."

Hiyo "tu" ilikuwa neno dogo, lakini iliniuma. Kazi yangu ni kuyeyusha aluminiamu. Nimeifanya Kariobangi kwa zaidi ya miaka ishirini, jirani na machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko, na siku hizi harufu ya mbuzi na moshi wa oili chafu sizitambui mpaka mgeni alalamike. Tunanunua pistoni zilizokufa na vifuniko vya injini, tunavitia tanurini, tunamimina kwenye kalibu za mchanga, na zinatoka sufuria ambazo nusu ya mtaa inapikia. Sasa ndugu yangu wa tumbo moja amepanda basi kutoka ziwani kuja kunipita mlangoni, aende akanunue chuma cha mtu mwingine. Nilivaa koti nikamsindikiza, lakini nilikuwa nimeshakasirika.

Muuzaji alituwekea propela mbili kwenye kaunta. Moja ilikuwa kwenye boksi lake lenye muhuri. Nyingine haikuwa na boksi, lakini kwa macho zilikuwa mapacha, rangi nyeusi ile ile, mabawa matatu yale yale.

"Mzee, hii ni orijino. Hii nayo ni ya kuiga," alisema muuzaji, na hapo alikuwa mkweli kuliko nilivyotarajia. "Tofauti utaijua ukiwa majini."

Nilizigonga zote mbili kwa kidole, nikasikiliza, nikacheka kwa sauti ili duka zima lisikie. Nilimwambia kaka yangu kwamba akichukua orijino atakuwa amenunua boksi, na akichukua ile nyingine atakuwa amenunua rangi. "Twende," nikasema. "Nitakutengenezea mwenyewe."

Alisita. Namkumbuka akiwa ameweka kiganja juu ya lile boksi, hakulichukua wala hakuliachia. Halafu akanifuata.

Njiani alinieleza shida yake ya zamani. Katikati ya propela huwa kuna mpira, umebanwa kati ya kitovu na bomba dogo la shaba linaloshika shafti ya injini. Propela ikigonga kitu, mpira huo huteleza. Wake ulikuwa umeteleza mara mbili mwaka huo, na mara zote mbili alirudi nyumbani kwa mwendo wa kobe, injini inanguruma na mashua inajikokota, abiria wanamcheka. Nilimsikiliza kama daktari anayejua ugonjwa kabla mgonjwa hajamaliza kueleza. Nikamwambia hao wenye orijino wanaweka mpira makusudi ili uharibike, urudi kununua tena. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kaka yangu alicheka, nami nikauchukulia ule ucheko kuwa ruhusa.

Ile kazi niliifanya vizuri, na hilo ndilo linalonitesa. Nililijaza lile bawa lililoliwa kwa puti, nikalisugua mpaka likalingana na wenzake. Aluminiamu ikipoa hunywea, kwa hiyo, kabla ya kuigandamiza mchangani ili iache umbo lake, niliipaka propela yote tabaka jingine la puti ili nakala isitoke ndogo kuliko mama yake. Nilichagua pistoni tupu, sikuchanganya na takataka za fremu za madirisha. Nililitoa lile bomba la shaba, nikalisimamisha katikati ya kalibu na kumimina aluminiamu ikalizunguka, likashikana na kitovu likawa kitu kimoja. Siku mbili nzima nilipiga tupa. Sijawahi kupendezwa na kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu namna ile.

Kaka yangu aliigeuza mkononi, akachungulia katikati.

"Na mpira?"

"Mpira ndio uliokuwa ugonjwa," nikamjibu. "Nimeuondoa. Hii haitateleza mpaka uzeeke."

Alitazama tena kwa muda. "Haya," akasema. "Wewe ndiye fundi." Akaizungushia sweta yake, akairudisha guniani, nikampeleka stendi.

Kwa miezi mingi tulipigiana simu kila Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa nauliza habari za propela kabla ya kuuliza habari za watoto wake. Inaenda vizuri, alisema, kila mara hivyo hivyo. Nami nilitembeza picha ya ile propela kwenye simu karakana nzima, nikiwauliza wenzangu kama wanaona tofauti na ya kiwandani.

Ziwa letu lilikuwa limepanda miaka hiyo. Lilimeza ufuo wa zamani pamoja na miti, nguzo na misingi ya vibanda, na vyote hivyo vikabaki chini ya maji mahali ambapo mashua hupita. Siku moja mchana kaka yangu alikuwa akitoka kisiwani na msaidizi wake, mashua imebeba kreti tupu za soda. Waligonga kisiki. Msaidizi alitueleza msibani kwamba ulisikika mlio mmoja mkavu, kisha injini ikaendelea kunguruma bila mashua kwenda popote. Walikuwa na kasia moja. Upepo ukawasukuma nje kwenye maji makubwa na mawimbi yakaipindua mashua. Msaidizi alishikilia mtungi wa petroli mpaka wavuvi wakamwona. Kaka yangu alipatikana siku ya tatu.

Tulimzika. Niliambiwa injini iliharibika, na sikuuliza imeharibika nini. Nilijua swali hilo lina jibu, nikaliogopa.

Wiki chache baadaye mke wake alikuja Nairobi. Mashua ilikuwa imepatikana na injini ingali imefungwa nyuma yake, naye alitaka kuiuza, na nyumbani walimwambia shemeji yake wa mjini ndiye atakayejua kama inafaa. Alileta ile sehemu ya chini tu, yenye giaboksi na propela. Nilimpa kigoda akaketi. Nilifungua bolti moja baada ya nyingine, nikitamani iliyobaki ikatae.

Oili iliyomwagika ilikuwa imechanganyika na maji na vipande vya meno ya gia. Gia zilikuwa zimenyolewa kabisa. Propela haikuwa na kitu. Bawa moja lilikuwa na mkwaruzo mdogo, basi.

Mwenzangu tuliyeanza naye kazi siku moja aliinama akaitazama, akaipangusa kwa kiganja. "Buda, hii kitu yako ni ya ukweli," alisema. "Imegonga na haijaskia kitu. Pole sana mama. Lakini kazi ya huyu jamaa haikuwaangusha." Wengine nao wakaja, ikapita mkono kwa mkono, wakaisifu.

Mpira ungekuwapo, ungeteleza. Gia zingebaki nzima, na kaka yangu angerudi kwa mwendo wa kobe, amechelewa, amechekwa, yu hai. Nguvu ya pigo haikupata pa kupotelea katika propela yangu, ikapanda yote hadi kwenye gia. Nilikiondoa kitu pekee kilichokuwa kikimrudisha nyumbani, nikakiita ugonjwa, kwa sababu alitaka kununua kwa mtu mwingine.

Nilingoja wenzangu warudi tanurini. Ningeweza kusema gia zilikuwa kuukuu, na mjane angeamini. Nilivuta ndoo nikakaa mbele yake.

"Shemeji, si injini iliyomuua," nikamwambia. "Ni hii propela. Nilitoa mpira ambao ungeokoa gia. Yeye alitaka kununua orijino, nikamkatalia."

Hakuonyesha kushangaa. Alikuwa akitazama vile vipande vya meno kwenye karai.

"Fundi wa kule ufuoni alimwambia," akasema. "Siku aliporudi nayo. Alimwambia hii haina mpira, asiifunge."

"Akasemaje?"

"Alisema ndugu yake hawezi kumtengenezea kitu kibaya." Alivuta leso akafuta mikono, ingawa hakuwa ameshika chochote. "Baadaye akanunua orijino. Iko nyumbani, kwenye boksi lake. Alikuwa ameanza kuifunga, halafu ukapiga simu ukauliza yako inaendaje. Akairudisha ndani."